Hesabu ya Sungura Mmoja Kariakoo

Bei ya sungura wa nyama katika eneo la Kariakoo na mitaa inayolizunguka, kuanzia Gerezani na Jangwani hadi Ilala na Buguruni, kwa kawaida haitokani na gharama za mfugaji, bali huazimwa kwa kuku. Mnunuzi anayesimama mbele ya tenga huwa tayari na bei mbili kichwani, yaani ya broila, kuku wa kisasa anayelishwa kwa wiki tano au sita, na ya kuku wa kienyeji anayeletwa kutoka Singida na Dodoma, na anapoulizia sungura humpangia nafasi kati ya bei hizo mbili, mara nyingi karibu zaidi na ile ya chini. Mfugaji asiye na hesabu yake mwenyewe hukubali, kwa kuwa sungura aliyekwisha kufikishwa sokoni ni mzigo kumrudisha nyumbani, na pia kwa sababu anaamini kwamba mnyama aliyelishwa majani ya bure hawezi kuuzwa kwa hasara. Imani hiyo ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

Mazingira yenyewe yana sehemu yake katika hesabu hii. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, lilijengwa likiwa na ghorofa ya chini ya ardhi, maarufu kwa jina la Shimoni, kwa ajili ya biashara ya mazao, na hata baada ya moto wa Julai 2021 kuwatawanya wafanyabiashara katika masoko mengine ya jiji, eneo zima liliendelea kuzalisha kila siku majani ya nje ya kabichi, majani ya karoti na mabaki ya mboga ambayo mfugaji wa mjini huyaona kama hazina. Upande mwingine, nyumba za Kiswahili za vyumba sita zenye ua nyuma, ambamo kuku na bata walifugwa bila tabu, zimepisha maghorofa, kwa hiyo vizimba vya sungura vimebaki juu ya mapaa au vimesogea Kigogo, Vingunguti na Tabata. Sungura anafaa kwa makazi ya namna hiyo kwa kuwa hapigi kelele, lakini mkojo wake hutoa amonia kali, na mfugaji asiyeondoa kinyesi kila siku hugombana na majirani kabla hajagombana na bei.

Hesabu sahihi haianzi kwa sungura anayeuzwa. Inaanza kwa jike aliyemzaa, kwa kuwa jike hula mwaka mzima hata katika miezi ambayo hana cha kuuza. Jike wa mbegu kubwa, kama New Zealand White au California, hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na kwa mfugaji makini anayempumzisha kati ya uzao na uzao anaweza kuzaa mara 5 kwa mwaka. Akiachisha watoto 5 kila uzao, mwaka unatoa watoto 25, na ikichukuliwa kwamba mmoja kati ya kila watano anakufa baada ya kuachishwa, jambo la kawaida palipo na koksidia, yaani ugonjwa wa vijidudu vya utumbo unaoleta kuhara, wanaofika sokoni ni 20. Jike huyo hula wastani wa gramu 200 za peleti kwa siku, ambazo ni kilo 73 kwa mwaka, na fungu lake la chakula cha dume, pale dume mmoja anapohudumia majike wanane, ni kilo 6 hivi. Kilo hizo 79 zikigawanywa kwa sungura 20, kila mmoja anaingia sokoni akiwa na deni la kilo 4 za peleti ambazo hakuzila yeye.

Deni la pili ni chakula chake mwenyewe. Mtoto aliyeachishwa akiwa na gramu 700 anahitaji kuongeza kilo 1.6 ili afikie kilo 2.3, na kwa kuwa sungura hutumia takribani kilo 3.5 za chakula kujenga kilo moja ya mwili, hula kilo 5.6. Chakula walichokula waliokufa nacho lazima kigawiwe kwa walio hai, na ikichukuliwa kwamba kila aliyekufa alikula nusu ya chakula cha ukuaji, kila aliyebaki anaongezewa gramu 700. Jumla inapita kilo 10 kidogo. Peleti ikipewa, kwa ajili ya hesabu tu, bei ya shilingi 1,300 kwa kilo, sungura mmoja amekula shilingi 13,000 kabla ya dawa, kizimba, usafiri na jasho la mfugaji. Sungura hai wa kilo 2.3 hutoa nyama yenye mifupa ya takribani kilo 1.2, kwa kuwa kiwango cha mzoga, yaani uzito unaobaki baada ya kuchuna na kutoa matumbo, huwa asilimia 50 hadi 55. Hivyo kila kilo ya nyama imebeba chakula cha karibu shilingi 10,800.

Broila wa kilo 2 hutumia kilo 3.5 hadi 4 za chakula tu, na gharama ya mama yake imekwisha kulipwa ndani ya bei ya kifaranga. Kwa hiyo mfugaji wa sungura anayekubali kupimwa kwa mzani wa broila ameingia katika shindano ambalo biolojia imekwisha kuliamua. Anabaki na njia mbili: kumtoa sungura katika fungu la broila na kumweka karibu na kuku wa kienyeji na mbuzi, ambako mnunuzi hulipia ladha na uhaba, au kupunguza peleti.

Njia ya pili ndiyo inayokimbiliwa, na ndiyo inayodanganya. Majani ya kabichi na mboga nyingine mbichi ni maji kwa sehemu ya tisa kati ya kumi, hivyo ili kuziba nafasi ya kilo 3 tu za peleti zinahitajika zaidi ya kilo 20 za majani kwa kila sungura, tena ya kuchambuliwa, kuoshwa na kunyaushwa, kwa kuwa majani yaliyolowa na kuanza kuoza huleta kuhara kunakoua banda zima. Sungura 20 wanahitaji zaidi ya kilo 400, na kilo hizo hazitoki sokoni kwenda Tabata zenyewe, zinapanda bajaji. Mabaki ya sokoni yana faida ya kweli kwa anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu na mkokoteni, na hupungua thamani kwa kila kituo cha daladala kinachoongezeka. Ukuaji nao huwa wa polepole, kiasi kwamba sungura ambaye angeuzwa akiwa na miezi mitatu na nusu huuzwa akiwa na mitano, na kizimba kinakaliwa wakati wote huo.

Namna ya kupima ina uzito sawa na bei yenyewe. Desturi ya matenga ni kuuza kwa kichwa: mnunuzi huingiza mkono, humshika sungura ngozi ya mabegani huku mkono wa pili ukibeba makalio, kisha hupitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo kutafuta kama mifupa imechomoza au imefunikwa na nyama. Mnunuzi mzoefu hakosei sana. Hasara iko kwingine, kwa kuwa bei ya kichwa ikiwa moja, wanunuzi wa asubuhi huondoka na wakubwa, na wadogo waliobaki huteremshiwa bei jioni, hivyo wastani wa siku huwa chini ya bei iliyotangazwa. Bei ya kilo huondoa tatizo hilo, nayo hudai mzani wa kuning'iniza uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kama Sheria ya Vipimo inavyotaka kwa kila mzani wa biashara, na hudai pia makubaliano juu ya tumbo: sungura aliyetoka kula hubeba tumboni uzito ambao mnunuzi hatauona jikoni, ndiyo maana wanaouziana kwa haki hukubaliana awe amenyimwa chakula, si maji, tangu usiku. Bei ya kilo humwonyesha mfugaji jambo jingine pia, kwamba baada ya kilo 2.5 kila gramu anayoongeza sungura hugharimu chakula kingi zaidi, na kumkuza awe jitu kwa ajili ya kumvutia mnunuzi wa kichwa ni kumpa nyama ya bure.

Uchinjaji ndio unaoamua ni milango mingapi itafunguka. Vitabu vingi vya ufugaji vya Ulaya hufundisha kumuua sungura kwa kumvunja shingo, njia ambayo Kariakoo ingefunga biashara siku hiyo hiyo, kwa kuwa wapishi na wateja wengi ni Waislamu wanaohitaji kisu na bismillahi. Hata hapo wateja hawako sawa: Masuni, ambao ndio wengi katika pwani hii, humla sungura, ilhali fiqhi ya Shia Ithnaasheri, yenye wafuasi wake upande wa Kisutu na Upanga, humkataza, na Wasabato humwacha kwa kufuata Walawi 11. Muuzaji anayezunguka mlango kwa mlango bila kuyajua haya hupoteza nauli. Mteja anayenunua aliyekwisha kuchunwa ana shaka nyingine isiyosemwa kwa sauti, kwamba mzoga usio na kichwa waweza kuwa wa paka, na dawa yake ni ya zamani na inajulikana hadi Ulaya: kuacha kichwa, au mguu mmoja wa nyuma na manyoya yake. Kinachosahaulika mara kwa mara ni muda wa kusubiri, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya dawa ya mwisho, kama ivermectini ya upele, na siku ya kuchinja. Siku hizo zina gharama ya chakula, na hazina budi kuingizwa katika bei.

Kinachovuruga bei hizi zote ni biashara ya mbegu. Sungura anayeuzwa kwa mfugaji mwenzake huleta fedha nyingi kuliko anayekwenda jikoni, na maadamu wafugaji wapya wanaendelea kuingia, hakuna anayehitaji mlaji. Kenya ilipitia hali hiyo kwa ndege aina ya kware, ambao bei ya mayai yao ilipaa mwaka 2013 na kuporomoka mwaka 2014, baada ya kila aliyetaka kufuga kuwa amekwisha kununua. Bei ya mbegu basi haifai kuingizwa katika hesabu ya kudumu ya banda, hata kama ndiyo iliyolipia mabati.

Baada ya gharama, mzani na kisu, kinachobaki ni kalenda. Sungura huumizwa na joto linalozidi nyuzi 30, na Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hupita hapo mchana karibu kila siku. Madume hupungukiwa na uwezo wa kutungisha mimba, na kwa kuwa mbegu mpya za kiume huchukua takribani wiki 6 hadi 7 kukomaa, mimba zinazoshindwa huendelea hadi karibu na Mei. Ukiongeza mwezi wa mimba na miezi mitatu na nusu ya ukuaji, uhaba wa sokoni huangukia kati ya Mei na Septemba, miezi ya baridi ambayo mfugaji mwenyewe angeiona kuwa ya neema. Mwenye madume waliowekwa chini ya kivuli cha makuti, wakapandishwa alfajiri kabla ya jua, huwa na sungura wakati wenzake wana vizimba vitupu, na hapo bei ya kuku wa Singida inaweza kuvukwa bila mabishano, ilimradi mwenye hoteli ameahidiwa mapema idadi ya kila wiki na haipungui.