Uliza Kwanza Gari Lilikufaje

Wengi wenye Land Rover 110 ya miaka ya themanini wakiingia yadi ya skrepa huenda moja kwa moja kwenye kile wanachokitaka. Mwenye shida ya injini anainamia injini, mwenye shida ya difu anapiga magoti chini ya ekseli. Mimi ningekushauri uiache spana mfukoni kwanza. Lizunguke gari zima, uliangalie lilivyolala, halafu ujiulize: hili lilikufaje?

Discovery iliyobamizwa ubavuni na lori ikavutwa hadi yadi imekufa viungo vyake vikiwa bado vizima. Juzi tu ilikuwa inatembea. Ya kuogopa ni ile yenye bodi safi, taa nzima, vioo vyote mahali pake, imeegeshwa ukutani inaota majani. Gari zuri halitupwi. Liliachwa kwa sababu ya ugonjwa usioonekana kwa macho, na mara nyingi huo ugonjwa uko ndani ya kitu kilekile ulichokuja kununua. Ukikuta gari zima limechukuliwa kila kitu, limebakizwa giaboksi peke yake, basi jua wenzako walishaipima kabla yako.

Naitaja Discovery kwa makusudi. Range Rover ya 1970 ndiyo iliyoleta springi za koili na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne muda wote. 110 ikafuata njia hiyo 1983, na Discovery ilipotoka 1989 ikajengwa juu ya msingi wa Range Rover. Ndugu hawa watatu wanaazimana vitu vingi kuliko bodi zao zinavyoonyesha: transifa ya LT230, difu za 3.54, na rimu za boliti tano kwenye duara la milimita 165.1. Discovery ya kwanza ilitengenezwa hadi 1998, na kwa mwenye 110 ndiyo hazina kubwa ya skrepa.

Mtego ni Discovery ya pili, iliyoanza mwaka huohuo 1998. Kwa mbali utadhani ni ileile. Ukisogea, boliti za gurudumu ziko kwenye duara la milimita 120, na injini yake ya Td5 inategemea kompyuta. Boliti tano ni ngumu kupima kwa futi, kwa hiyo fanya hivi ukiwa nyumbani: fungua gurudumu moja, bandika kipande cha boksi gumu juu ya boliti za habu mpaka zitoboe, kisha ukikunje ukitie mfukoni. Ukifika yadini kijaribishe kwenye rimu kabla hujauliza bei. Muuzaji anayekuapia kwamba "zinaingiliana tu" atanyamaza.

Sasa injini, maana hapo ndipo pesa kubwa inapokwenda. 110 nyingi za zamani zilikuja na dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo, na kuanzia 1986 ikaongezwa yenye turbo, nguvu za farasi 85, ambayo sifa yake mbaya ni kupasua pistoni. Injini za Tdi zilizofuata zina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 2,495, ila zinatoa hadi farasi 111 na zinakunywa mafuta kwa adabu. 200Tdi iliingia kwenye Discovery 1989, 300Tdi ikaja 1994. Kwa 110 ya zamani mimi naipendelea 200Tdi, kwa sababu inakubaliana na giaboksi iliyopo bila ugomvi mkubwa. 300Tdi ni tulivu zaidi na haipigi kelele sana, lakini utahamisha mauntini kwenye chasisi. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku: 200Tdi ya Discovery huanza na 12L, ya Defender, jina la baadaye la 110, huanza na 11L. Ukipata 11L, usibishane sana bei. Kwenye 12L turbo imekaa chini na inaweza kugombana na chasisi, kwa hiyo weka fundi wa kuchomelea kwenye hesabu zako.

Kabla ya kupenda injini yoyote, angalia pampu ya dizeli. Pampu ya kawaida ina mkono unaovutwa na waya wa mafuta kutoka kwenye pedeli, na inahitaji waya mmoja tu wa umeme ili ifungue dizeli. Baadhi ya 300Tdi za mwishoni, hasa za Discovery otomatiki, zina pampu inayoongozwa na kompyuta. Usipouona huo mkono, achana nayo. Hutaki kuwa Mto wa Mbu usiku unatafuta fundi wa kompyuta.

Kisha tafuta alama za mkono wa binadamu. Vumbi lililochanganyika na oili likagandana kwa miaka ni ushahidi mzuri: hakuna aliyegusa. Injini iliyooshwa ikang'aa siku moja kabla hujafika inakuficha kitu. Boliti za silinda hedi zenye vichwa vilivyokwaruzwa, silikoni nyekundu au ya bluu iliyofinyika kwenye maungio, nati moja isiyofanana na wenzake, vyote vinakwambia kwamba fundi alishapita hapa. Kufunguliwa si dhambi. Ila ujue hedi ya Tdi ni ya aluminiamu, ikichemka mara moja vizuri inapinda, na wengi hawaipeleki kwenye mashine kunyooshwa. Wanabadili gasketi na kuuza gari.

Fungua mfuniko wa thermostati. Hili hawalitegemei wauzaji wengi. Maji ya kutu yenye tope yana maana gari liliishi kwa maji ya kisima bila dawa ya rejeta, na aluminiamu inaliwa taratibu na maji ya namna hiyo. Lakini jibu kubwa zaidi ni kama thermostati yenyewe ipo. Huku kwetu gari likianza kuchemka, dawa ya kwanza ya gereji ni kuitoa thermostati na kuitupa. Ukikuta nyumba yake tupu, umeshasoma cheti cha hospitali cha injini hiyo.

Kwa 300Tdi kuna kipimo kimoja kinachochukua dakika mbili. Chini kabisa ya kava la mkanda wa taimingi pana tundu dogo lenye nyuzi, la kufungia kizibo gari linapotaka kuvuka maji. Chomeka waya mwembamba uliokunjwa ncha na kuzungushiwa kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, vizuri. Kikitoka na oili, sili ya krankshafti au ya kamshafti imekwisha, na oili inaulainisha mkanda. Kikitoka na unga mweusi wa mpira na nyuzinyuzi, mkanda unajitafuna kwa sababu puli hazikukaa kwenye mstari mmoja, jambo ambalo 300Tdi za mwanzo zilijulikana nalo. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinakutana.

Kama injini bado inaweza kuwashwa, iwashwe mbele yako, ikiwa ya baridi. Weka kiganja juu ya hedi kwanza. Ukifika ukakuta imeshapashwa, mwambie kaka tutaonana kesho asubuhi.

"Hii ilikuwa ya Mzungu wa mradi, bosi, haijapigwa kabisa."

Kila injini Arusha ilikuwa ya Mzungu wa mradi. Muulize kwa upole: iko wapi kadi ya gari? Swali hilo lina kazi mbili. Linakupa mwaka na historia, na linakulinda na kitu cha wizi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, nawe ukifunga injini nyingine itabidi TRA wabadilishe taarifa za gari lako. Bila stakabadhi ya mauzo utakwama.

Giaboksi na transifa hupimwa kwa njia nyingine, maana zikiwa mezani zote zinaonekana nzima. Nyuma ya LT230 pana kifuniko kilichofungwa kwa boliti, mahali pa kuchukulia nguvu za kuendeshea winchi au mashine. Kifungue, mulika tochi ndani. Utaona mwisho wa shafti kuu ya giaboksi ilivyoingia ndani ya gia ya kwanza ya transifa, meno kwa meno. Meno mazuri yana migongo bapa na mafuta yanang'aa juu yake. Meno yaliyochongeka na kuzungukwa na unga mwekundu kama mdalasini yamekuwa yakisagana makavu. Shafti hiyo iko njiani kukatika, na ikikatika gari linasimama huku injini inanguruma. Shika pia flenji ya propela uizungushe huku na huku gia ikiwa imeingizwa. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Ukisikia mlio wa kugongana kisha kimya kirefu kabla ya mlio mwingine, rudisha kifuniko chake uendelee na safari.

Transifa ya Discovery ina jambo lake la kuvutia. Gia yake ya juu ni 1.222, wakati Defender ina 1.410 na 110 nyingi za mwanzo za silinda nne zina 1.667. Gia ya chini ni ileile, 3.32, kwa hiyo nguvu ya kutoka kwenye tope hupotezi. Ukitoka 1.410 kwenda 1.222, mwendo uleule barabarani unaufikia kwa mizunguko ya injini pungufu kwa asilimia 13 hivi. Kati ya Dodoma na Singida utaona tofauti kwenye kelele na kwenye dizeli. Lakini kuifunga nyuma ya ile dizeli ya zamani isiyo na turbo ni kujitafutia aibu: mlima Kitonga utaupanda kwa gia ya pili ukipitwa na malori. Kwanza Tdi, ndipo transifa. Ili uwe na hakika umeuziwa ipi, funga difu ya katikati, weka giaboksi gia ya nne na transifa gia ya juu, uzungushe shafti ya kuingilia mara 11: ya Discovery itatoa mizunguko 9 kamili.

Kwenye ekseli ninapingana na wengi. Vijana wanataka kung'oa ekseli ya nyuma ya 110 na kuweka ya Discovery kwa ajili ya breki za diski. Ile ya 110 ya zamani ni Salisbury, nzito, mbaya wa sura, na imara kuliko zote ambazo kiwanda kiliwahi kuifungia. Kama gari lako linabeba mzigo, maji na mapipa ya mafuta, iache. Rekebisha ngoma zake za breki, uende. Mbele ni suala jingine. Pale angalia mpira wa chuma unaogeukia gurudumu: pitisha ukucha juu ya ile kromu. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, sili mpya itadumu msimu mmoja tu kabla ya oili kuanza kuchuruzika kwenye rimu.

Stelingi boksi, oltaneta, stata na viti vya Discovery havihitaji falsafa. Viti hasa: ukikaa navyo kutoka Arusha hadi Loliondo mgongo utakushukuru, ingawa mabano yake ya chini itabidi uyachonge upya.

Kabla hujalipa, kusanya vitu vidogo vyote vinavyoshikilia kile kikubwa: mauntini na boliti zake, bomba za intakula, waya wa mafuta, mabano ya oltaneta, hata zile klipu za mipira ya maji. Muuzaji akiwa bado anataka kukuuzia atakupa bure. Ukirudi wiki ijayo kuulizia boliti moja ya flaiwili, ina bei yake.