Mpira Uliobaki Hewani

Tamthilia nyingi za vijana wa sekondari zina udhaifu mmoja: hazijui kuachana na watu wake. Mwanafunzi hupewa miaka mingi kuliko inavyohitajika kumaliza shule, na akihitimu, marafiki zake wote hujikuta chuo kilekile, wakigombania wapenzi walewale. Shule lakini ni mahali pa kupita. Anayesimulia habari zake bila kusimulia kuondoka ameacha nusu ya kisa. Ndiyo maana ninapotaka kuona kuaga kukifanywa kwa ustadi, narudi Dillon, mji wa kubuni wa Texas, katika Friday Night Lights.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa NBC mwezi Oktoba 2006 na ikafungwa 2011, baada ya misimu mitano na sehemu 76. Peter Berg aliitengeneza kutokana na filamu aliyoiongoza mwaka 2004, nayo filamu ilitokana na kitabu cha H. G. Bissinger cha 1990 kuhusu timu ya shule moja mjini Odessa. Jason Katims akawa kiongozi wa waandishi. Kwa nje ni habari za futiboli ya Kimarekani: Ijumaa usiku mji mzima unahamia uwanjani, na matumaini ya watu wazima yanatwishwa wavulana ambao hata ndevu hazijakomaa. Katikati wako kocha Eric Taylor na mkewe Tami, yaani Kyle Chandler na Connie Britton, na ndoa ambayo ni nadra kuiona kwenye runinga: watu wawili wanaogombana bila kudharauliana.

Ustadi wake unaanzia kwenye namna ya kurekodi. Walifanya kazi Austin na viunga vyake, mara nyingi ndani ya nyumba halisi badala ya studio. Kamera tatu zilichukua picha kwa pamoja. Waigizaji hawakufanya mazoezi ya tukio kabla ya kurekodi, hawakuwekewa alama sakafuni za kuwaonyesha pa kusimama, na waliruhusiwa kubadili maneno ya skripti. Mpiga picha alimfuata mwigizaji kama mtu asiyejua mwenzake anaelekea wapi, kwa sababu kweli hakujua. Hivyo jikoni kwa akina Taylor watu wanakatizana kauli, sentensi zinaachwa njiani, na kamera inachungulia juu ya bega la mtu kusaka uso wa mwingine. Mara nyingi inamkuta yule anayesikiliza, naye ndiye mwenye habari.

Watu waliorekodiwa hivyo huwezi kuwaaga kwa hotuba. Waandishi walilijua hilo, wakaanza kujifunza kuaga mapema, mtu mmoja mmoja. Jason Street, nyota aliyevunjika uti wa mgongo katika sehemu ya kwanza kabisa, anaondoka msimu wa tatu. Anakwenda New York kutafuta kazi ili awe karibu na mtoto wake, na tunamwacha mlangoni kwa mama wa mtoto huyo, rafiki yake Tim Riggins akimtazama kwa mbali. Mchezaji mwingine, Smash Williams, anapata nafasi Texas A&M, naye anaondoka. Msimu wa nne wakathubutu zaidi: walimhamishia kocha shule ya East Dillon, upande wa mji wenye dhiki, pamoja na vijana wapya kama Vince Howard, aliyeigizwa na Michael B. Jordan.

Msimu huohuo una sehemu iitwayo “The Son”. Baba yake Matt Saracen, kijana aliyewahi kuichezea timu ya Taylor, alikuwa mwanajeshi na amefariki Iraq, na Matt ana hasira naye kuliko alivyo na machozi. Makaburini anachukua koleo na kuanza kulifukia kaburi mwenyewe. Zach Gilford anaifanya kama kazi ya mikono, pigo baada ya pigo, nasi tunaachwa tuamue kama anazika au anapigana.

Sehemu ya mwisho, “Always”, inakusanya mazoezi yote hayo ya kuaga. Timu ya Vince imefika fainali ya jimbo. Wakati huohuo Tami amepata kazi ya chuo Philadelphia, na Eric anatakiwa kubaki Dillon kuiongoza timu moja itakayobaki, kwa kuwa ile ya East Dillon inafutwa. Miaka yote mke ndiye aliyefuata kazi ya mume. Uamuzi wa Eric kumfuata mkewe unapewa uzito kuliko mechi yenyewe, na hapo ndipo Katims anapoonyesha mizani yake. Vince anarusha mpira wa mwisho, mpira unapaa, nyuso zinauangalia. Mhariri anakata. Tuko Philadelphia, miezi minane imepita, na kijana mwingine ndiye anayedaka.

Matokeo ya fainali yanatufikia kwa mlango wa nyuma. Luke Cafferty, mchezaji mwenzake Vince, anakwenda jeshini, na kabla ya kupanda basi anampa mpenzi wake Becky pete yake ya ubingwa. Kumbe walishinda. Ushindi ambao mji mzima uliulilia unajulikana wakati mwenye nao anauvua kidoleni. Mwandishi mwenye pupa angetupa kelele za uwanja na kombe hewani, kisha angelazimika kutafuta mahali pa kuiweka huzuni. Hapa furaha na kuondoka vimepita katika tendo moja. Mwaka 2011 skripti hiyo ilimpa Katims tuzo ya Emmy, na Chandler akapata yake ya uigizaji.

Bado kuna jambo moja dogo, nalo ndilo ninalolistahi zaidi. Huko Philadelphia Eric anawakusanya wachezaji wake wapya na kuwatolea nusu ya kwanza ya kaulimbiu yake. Wale wa Dillon wangeimalizia kwa sauti moja. Hawa wanamkodolea macho, naye anaahidi kuwa watalishughulikia baadaye. Mtazamaji wa misimu mitano yuko na jibu mdomoni. Amefanywa mhitimu: somo analijua lote, ila darasa sasa ni la wengine.