Istilahi ya Magimba ya Barafu: Je, Kimondo Chafaa?

Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha Marekani kiitwacho New Horizons kilipita karibu na gimba dogo lililo mbali kuliko Pluto, takribani kilomita bilioni 6.5 kutoka kwenye Jua. Gimba hilo, lenye urefu wa kilomita 36 hivi, lilipewa mwaka huo huo jina la Arrokoth, neno la lugha ya Wapowhatan wa Marekani lenye maana ya anga. Jina hilo halimtatizi mfasiri, kwani majina ya pekee huachwa yalivyo. Linalomtatiza ni jina la aina: gimba la namna hii tuliite nini kwa Kiswahili?

Neno linalokuja upesi ni kimondo. Kwa maoni yetu halifai. Mwalimu wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, akilitamka darasani, wanafunzi wake watafikiria kile walichokwisha kukiona: mwale upitao angani usiku na kutoweka. Kimondo cha Mbozi nacho ni pande la chuma lililokwisha kuanguka ardhini. Arrokoth halianguki, hulizunguka Jua, na kila mzunguko huchukua karibu miaka 300. Wala si nyota ya mkia, maana li mbali mno na joto la Jua hata litoe mkia.

Sayari kibete ina kasoro nyingine. Mpemba ajua kwamba mnazi wa kitamli, ujapokuwa mfupi, ni mnazi. Basi asikiapo sayari kibete ataihesabu miongoni mwa sayari, ilhali Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua mwaka 2006 kwamba Pluto si sayari. Aidha, Arrokoth ni dogo mno hata kwa daraja hilo, na wala si la mviringo.

Twapendekeza gimba la barafu. Pingamizi lipo: barafu ya kuhifadhia samaki, ijulikanayo Micheweni, ni maji, lakini barafu iliyotambuliwa juu ya Arrokoth ni ya methanoli. Hata hivyo, upungufu huo hutengenezwa kwa sentensi moja ya maelezo, ambapo neno kimondo lingemtaka mwanafunzi akane alichokiona kwa macho yake. Walimu na wafasiri wenye hoja iliyo bora hawana budi kuitoa mapema, kabla vitabu vya shule havijazoea kosa.