Tofauti ya Saa Nne

Tarehe 31 Julai 2019, darubini ya anga ya Spitzer ilikuwa ikitazama OJ 287, kiini cha galaksi kilicho katika kundinyota la Kaa, umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni 3.5. Ilisubiri mlipuko wa mwanga uliokwisha kupigiwa hesabu. Ukaja, na tofauti na hesabu haikuzidi saa nne. Duniani hakuna ambaye angeuona, kwa kuwa siku hizo Jua lilikuwa limekaa upande uleule wa anga.

Hesabu hiyo inatokana na kazi ya miaka mingi ya Mauri Valtonen wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, na wenzake. Wanasema humo mna mashimo meusi mawili: kubwa lenye uzito wa majua bilioni 18, na dogo la majua milioni 150. Dogo hulizunguka kubwa kwa miaka 12 hivi, na katika kila mzunguko hupasua mara mbili diski ya gesi inayolizunguka kubwa. Gesi iliyopigwa huchomoka ikiwa moto mno, ikatanuka, ikang'aa.

Milipuko hii haipishani kwa muda ulio sawa, na hapo ndipo nadharia ya mvutano ya Einstein inapopimwa. Njia ya shimo dogo hugeuka digrii 39 kila mzunguko. Njia ya sayari ya Utaridi, iliyompa Einstein ushahidi wake wa kwanza, kwa athari hiyohiyo ya mvutano haigeuki hata digrii moja katika karne nzima. Tena mawimbi ya mvutano huyapokonya mashimo hayo nishati, na njia ikafupika. Mlipuko uliotabiriwa kwa Septemba 13, 2007 ulitokea kwa wakati wake. Bila mawimbi hayo ungechelewa siku 20 hivi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hesabu hizi zimesimama pia juu ya picha za anga za tangu karne ya 19, zilizopigwa na watu wasiojua kabisa kuwa kitu hiki kipo.

Hata hivyo, mlipuko uliotarajiwa Oktoba 2022 haukuonekana. Kundi la watafiti la Stefanie Komossa linaona shimo kubwa lina uzito wa majua milioni 100 tu. Kwangu mimi, pigo hilo haliangukii nadharia ya Einstein kwanza, bali uzito, mzunguko na mwinamo uliochaguliwa ili hesabu ilingane na milipuko ya zamani.