Bibi Anapolizuia Jibu

Kwetu mtu mzima hasubiri kuombwa ushauri mara mbili. Kijana akifika na shida ya ndoa, kabla hajamaliza kueleza ameshaambiwa avumilie, au aondoke, au aende kwa wazee wa mumewe, au azidishe sala. Maneno hayo hutoka kwa upendo, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi ya ushauri nasaha anamjua yule mama anayeitikia kwa kichwa, anashukuru, anaaga, kisha wiki ya pili anarudi vilevile alivyokuja. Mashauri anayo tele. Ameyabeba juu ya shida zake, na sasa mzigo umezidi.

Ndiyo maana nawastaajabia akina bibi wa Harare. Jamii yao, sawa na yetu, imewapa haki zote za kusema mwanzo na kukata maneno. Nao wamejifunza kusema mwisho, na mara nyingi kusema machache.

Habari yao ilianzia Mbare, mtaa mkongwe wa Harare wenye soko kubwa na stendi ya mabasi ya mikoani. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa vibanda na makazi ya watu mijini katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka huohuo Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Miadi ya kuonana na daktari ilikuwapo. Nauli ya basi ya kumfikisha hospitali, dola 15, haikuwapo. Chibanda ameisimulia habari hiyo hadharani mara nyingi, na hajaficha nafasi yake katika habari hiyo: aliona kwamba kukaa hospitali akisubiri watu wamfuate hakutoshi.

Alipokwenda Mbare mwaka 2006 hakupewa wauguzi, kwa kuwa walikuwa wamezidiwa na kazi. Hakupewa chumba pia. Alichopewa ni wanawake 14 watu wazima, wahudumu wa afya ya jamii, ambao mtaani wanajulikana kama ambuya utano, yaani bibi wa afya. Basi wakakaa nje ya zahanati, chini ya miti, kwenye benchi la mbao. Daktari alianza kwa kuliita benchi la afya ya akili, na watu wakalipita kwa mbali, maana nani atakubali kuonekana na jirani zake amekaa hapo? Akina bibi ndio waliomshauri abadilishe. Likawa chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mawazo, na dunia nzima sasa inalijua kama Benchi la Urafiki. Hapo tayari ufundi wao unaonekana: walijua mtu aliyeelemewa hupita mlango upi, na walijua hilo kabla ya daktari.

Mgeni wa benchi huanza na maswali 14 ya ndiyo au hapana, yote kuhusu wiki iliyopita. Dodoso hilo lilitungwa Harare miaka ya 1990 na Vikram Patel pamoja na wenzake wa Zimbabwe, kwa maneno ambayo wagonjwa wenyewe waliyatumia kueleza hali zao. Nimelisoma mara nyingi na kila mara navutiwa na mpangilio wake. Linaanza na kuwaza sana, jambo ambalo hakuna mtu wa kulionea aibu. Linakwenda kwenye hasira juu ya mambo madogo, ndoto mbaya, tumbo kuuma, kukosa usingizi, machozi, uchovu. Swali la kutaka kujiua linakuja wakati mtu ameshaitikia ndiyo mara kadhaa na ameona kwamba bibi aliye mbele yake hashtuki. Baada yake kuna maswali mengine, kwa hiyo mazungumzo hayakatikii kwenye neno hilo zito. Na linamalizia na kazi kulala na kushindwa kuamua la kufanya. Alama zikifika 9, mtu anahesabiwa kuwa anahitaji msaada. Akionekana yuko katika hatari ya kujidhuru, bibi hambebi peke yake. Anamkabidhi kwa wasimamizi ndani ya zahanati.

Kinachofuata ni tiba ya kutatua matatizo. Wanasaikolojia Thomas D'Zurilla na Marvin Goldfried waliandika juu yake mwaka 1971 huko Marekani, na ukiisoma vitabuni inaonekana kavu: orodhesha matatizo, chagua moja, tafuta njia, panga, tekeleza, tathmini. Akina bibi wameipa mwili. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Halafu kusimudzira, kuinua. Halafu kusimbisa, kuimarisha. Vikao ni hadi sita.

Hebu tukae karibu na kikao kimoja. Mama nitakayemtaja ni wa mfano tu, lakini shida zake ni zile zinazofika kwenye mabenchi hayo kila siku. Amekaa, mkoba mapajani, macho chini. Bibi amemsalimu, amemuuliza habari za nyumbani, kisha amenyamaza. Mama anaanza na kichwa kinachouma. Kutoka kichwani anaingia kwenye kodi ya nyumba, miezi miwili haijalipwa. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Mume ana mwanamke mwingine, au labda hana, hajui. Kisha, kwa sauti iliyoshuka, dawa za VVU anazozificha ndani ya kopo la unga.

Mtu mwingine yeyote angerukia hapo. Bibi harukii.

"Kwa hiyo mwanangu, kichwa. Kodi ya miezi miwili. Ada ya mtoto. Wasiwasi juu ya mumeo. Na dawa unazozificha. Nimekusikia sawasawa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kuna jingine?"

Swali hili la mwisho ningependa kila anayesomea ushauri nasaha alitamke hadi liwe lake. Sauti yake ndiyo yenye kazi. Likitamkwa haraka, linasikika kama la karani anayetaka kufunga faili, na mtu atajibu hapana. Likitamkwa polepole, na mwulizaji akabaki kumtazama, hapo ndipo linapotoka lile lililokuwa limekaliwa na yote mengine.

Halafu bibi anauliza: "Katika haya yote, lipi tukilishika leo utapumua?"

Mama anajibu, kodi. Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Mimi na wewe tuliosoma tungeona wazi kwamba jambo kubwa ni dawa zinazofichwa. Pengine bibi naye anaona hivyo. Amezika watoto wake na wa jirani katika miaka ya ukimwi, haijui siri hiyo kwa kusimuliwa. Anaiacha. Anaishika kodi, kwa sababu mama ndiye anayejua ni mlango upi unaweza kusukumwa ukafunguka. Mtu mwenye sonona amekwisha kuamini kwamba hawezi kitu. Ukimchagulia tatizo, hata ukichagua vizuri kuliko yeye, umemthibitishia imani hiyo.

"Umewahi kufikiria njia gani?" Mama anasema hakuna njia. Bibi anasubiri. Mama anasema labda azungumze na mwenye nyumba alipe kidogokidogo. "Nyingine?" Kuna dada yake anayeuza mboga, huenda akamkopesha. "Nyingine?" Wanazipima zote, na mama anachagua ya kwanza. Bibi sasa anakuwa mtu wa mambo madogomadogo sana. Mwenye nyumba hupatikana lini? Jumamosi asubuhi. Nani atabaki na mtoto? Utaanza na kiasi gani? Utamwambiaje? Mama anajaribu maneno yake hapohapo benchini, ya kwanza yanatoka kwa kujikunyata, anarudia, yanatoka yakiwa yamenyooka kidogo. Anaondoka na Jumamosi, na sentensi moja aliyoitunga mwenyewe.

Kwa nje hii haionekani kuwa kazi. Ni watu wawili wanaongea chini ya mti. Lakini jaribu kukaa hivyo nusu saa tu bila kumpa mtu jibu ulilonalo, utahisi mwili mzima unavyotaka kusema. Carl Rogers aliliona hilo mapema. Akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State alirekodi vikao vya ushauri kwenye santuri, na kitabu chake cha mwaka 1942 kilikuwa na tiba nzima ya mtu mmoja iliyonakiliwa neno kwa neno. Washauri walipojisikiliza walishangaa: waliodhani wanasikiliza walikuwa wakiongoza kila hatua. William Miller, aliyeandika mwaka 1983 juu ya namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, alionesha jambo linalofanana na hilo. Mshauri akizidi kutetea mabadiliko, mnywaji anazidi kutetea chupa. Akina bibi wa Mbare wamefika mahali palepale bila santuri, tena wakitokea mbali zaidi, maana Rogers na Miller hawakuwa na cheo cha bibi cha kukishusha.

Pwani yetu tuna somo na kungwi, na naheshimu sana kazi yao. Kungwi humpokea mwari akamfunda mwili, nyumba na heshima, na maarifa yake yamepimwa na vizazi. Hata hivyo kazi yake ni kufunda: anajua, na mwari hajui. Mtu aliyefikishwa na maisha mahali pa kushindwa kulala anajua maisha yake kuliko sisi, na anahitaji mwenza wa kuyapanga. Nadhani mtu mmoja anaweza kuzibeba kazi hizi mbili, almradi ajue leo amekaa kwa ipi. Nasema haya kwa sababu Benchi la Urafiki limekwisha kuvuka Zimbabwe. Limefika Malawi na Zanzibar, na Zanzibar bibi anayeketi benchini huenda ndiye aliyekuwa somo wa nusu ya wanawake wa mtaa wake. Kwake yeye nidhamu hii ina uzito wa pekee.

Je, inatibu? Chibanda na wenzake hawakuridhika na sifa za mitaani. Waligawa kwa bahati nasibu zahanati 24 za Harare, zenye wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa Desemba 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA. Kundi lililokosa benchi halikuachwa hivihivi: lilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, elimu, na dawa kwa waliozihitaji. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilikuwa zimebaki kwa watu karibu 14 katika kila 100 waliokaa na akina bibi, na kwa karibu 50 katika kila 100 wa kundi la pili. Zaidi ya watu wanne katika kila kumi walikuwa wanaishi na VVU. Sijui takwimu nyingi katika fani hii zinazonipa furaha kama hizo, na sioni sababu ya kuificha furaha hiyo.

Baada ya vikao mtu hukaribishwa kwenye kikundi kinachoitwa Circle Kubatana Tose, yaani kushikana pamoja. Wengi wa wanakikundi ni wanawake, na wakiwa huko hufuma mikoba kwa sindano ya kufumia, wakitumia plastiki iliyokwisha kutumika. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka bila kusukumwa, na mkoba nao huingiza chochote nyumbani. Aliyelipanga jambo hili ametambua kwamba ukata haumwachi mtu kwa kuzungumza peke yake.

Lakini pale ninapowaona mafundi hasa ni kikao cha pili, mama anaporudi na mambo hayakwenda. Alifika kwa mwenye nyumba Jumamosi, akaukuta mlango umefungwa, akarudi nyumbani akalia. Amekuja benchini akiwa na aibu, ametayarisha udhuru. Mshauri mchanga hapa hufanya moja kati ya mawili: humfariji haraka mno, au humuuliza kwa nini hakurudi jioni. Bibi huuliza ilikwama wapi, na anataka kujua kwa kweli. Mama anaeleza. Alikwenda saa ngapi? Alifika hadi mlangoni, au aliishia njiani? Alibisha? Mwenye nyumba huwa wapi Jumamosi? Taratibu inajitokeza kwamba mama alitoka, alifika, alibisha, na kilichokosekana ni mtu wa kufungua. Bibi anayarudia hayo matatu kwa sauti, moja baada ya jingine, kama yalivyotendeka, bila kuyapamba. Kisha wanaulizana kama Jumapili baada ya ibada ingefaa zaidi, na mama anasema haifai, mwenye nyumba huwa na wageni, afadhali Jumatatu mapema kabla hajaenda sokoni.