Jicho la Kamera na Sauti ya Msimulizi: Riwaya ya Kifantasia yenye Ucheshi katika Filamu ya Afrika Mashariki

Swali la iwapo riwaya ya kifantasia yenye ucheshi inaweza kugeuzwa kuwa filamu nzuri huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la fedha. Hudaiwa kwamba watengenezaji filamu wa Kigali, Nairobi au Dar es Salaam hawana mitambo ya kuonyesha nchi zinazoelea angani, na kwa hiyo Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) au Walenisi ya Katama Mkangi (1995) zitabaki vitabuni. Makala haya yanapinga dai hilo. Neptune Frost (2021), iliyoongozwa na Anisia Uzeyman na Saul Williams na kurekodiwa hapa Rwanda, ilijenga ulimwengu mzima wa ajabu kwa nyaya, mabaki ya kompyuta na mavazi ya mbunifu Cedric Mizero. Filamu hiyo haikutokana na riwaya, lakini inatosha kuonyesha kwamba ajabu si ghali kama inavyodhaniwa. Kilicho kigumu kuhamishwa ni kicheko.

Tuanze na Kusadikika. Nchi hiyo iko angani, na mwandishi anatutajia mipaka yake: imepakana na pepo. Anayataja hayo kwa utulivu wa mwalimu wa jiografia aliyesimama mbele ya ramani, na hapo ndipo penye ucheshi. Kamera ikituonyesha kisiwa kikielea mawinguni, tutashangaa, na pengine tutapendezwa, lakini hatutacheka, kwa sababu picha haiwezi kujifanya haijui kwamba inasema uongo. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), mhusika mkuu ni mkubwa mwenye ulwa, naye anaitwa K tu. Herufi hiyo moja ni dhihaka inayorudi kila ukurasa. Mwigizaji mwenye sura, kitambi na suti anaifuta mara tu anapoingia. Wamitila naye, katika Bina-Adamu! (2002), amefanya mzaha kwa kistari na alama ya mshangao, vitu ambavyo jicho la msomaji huviona na sikio la mtazamaji halivisikii.

Linganisha na Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi (1999) ilipogeuzwa na Amil Shivji kuwa filamu mwaka 2021, kamera ilikuta kazi yake imekwisha kuandaliwa: vichochoro vya Zanzibar, Yasmin na Denge, siasa za kupinga ukoloni. Mambo hayo yalikuwa yanaonekana tangu kitabuni. Mafanikio ya filamu ile yasituhadae tukadhani kwamba njia hiyohiyo itaivusha Walenisi.

Kwingineko wapo waliolikabili tatizo hili. William Goldman aliandika The Princess Bride (1973) akijifanya kwamba anafupisha tu kitabu cha kale cha mwandishi mwingine, ambaye kwa kweli hakuwahi kuwapo; uchekeshaji wake mwingi umo katika kuingilia kati kwa huyo mfupishaji. Alipoandika mwenyewe mswada wa filamu iliyoongozwa na Rob Reiner (1987), hakuutupa mzaha huo. Alimweka babu kando ya kitanda cha mjukuu mgonjwa, akimsomea, akikatizwa na mtoto asiyetaka habari za mabusu. Msimulizi alibadilishwa umbo, akabaki na kazi yake.

Afrika Mashariki haihitaji kuagiza babu huyo kutoka Marekani. Wakazi wa Kigali wanaijua agasobanuye, filamu ya kigeni inayosimuliwa upya kwa Kinyarwanda, jina litokanalo na kitenzi gusobanura, yaani kueleza. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, alijipatia umaarufu kwa sanaa hiyo. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Kampala ina VJ Emmie, ambaye maneno yake juu ya Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana (2010) yamekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Sauti hizi hutafsiri, husifu, hukejeli, humwonya mhusika asiyesikia. Zinafanya kwenye skrini kile ambacho msimulizi wa Mkangi anafanya kwenye karatasi. Hata hivyo, wasomi wa fasihi tumewapuuza wasimulizi hao, na watengenezaji filamu wanawahesabu kuwa maharamia. Kuhusu hakimiliki, shutuma hiyo si ya bure. Lakini dawa yake ni kuwaajiri kwa mkataba, waandikiwe nafasi katika mswada tangu mwanzo, kama anavyoandikiwa mwigizaji.

Hatari ipo, nayo si ndogo. Msimulizi wa aina hii amezoea kupaza sauti, kuongeza chumvi, kuitawala picha. Shaaban Robert hapazi sauti. Hucheka bila kuonyesha meno. Katika utetezi wa Karama mbele ya baraza, neno moja la mzaha lililozidi lingeivunja hoja ya haki ambayo kitabu kizima kimeisimamia. Kwa maoni yangu Kusadikika ingefaa kusubiri.

Walenisi ndiyo ya kuanza nayo. Dzombo, aliyehukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo cha angani, anafika kwenye sayari ambayo jina lake ni kitendawili: wale ni sisi. Mhusika akilitamka jina hilo katika mazungumzo, linapita kama jina la mji wowote. Msimulizi aliye nje ya picha anaweza kulikata vipande, akanyamaza baada ya "wale", akaiacha kamera iwatazame wakazi wa sayari ile mmoja baada ya mwingine, na kuwapa watazamaji wa Nyamirambo nafasi ya kulimalizia wenyewe.