Sifa za Somo wa Mwambao

Katika madrasa zote za mwambao, ile isiyokuwa na ubao wala daftari, yaani chumba cha ndani alimoketi somo na mwari wake, ndiyo iliyopata sifa haba kuliko haki yake, ilhali bibi yule, aliyeteuliwa na wazazi, ndiye aliyemfunza binti kuyapokea mabadiliko ya mwili wake bila hofu, kujitwaharisha kama sharia iamrishavyo, kujisinga liwa, na kuifukiza nguo juu ya chetezo kwa kadiri, harufu ya udi ikavutia pasina moshi kukera. Harusi haikuwa mwisho wa kazi. Somo alifuatana na mwari hadi fungate, na baadaye, mambo yakichacha, aliendewa yeye kabla ya kadhi. Wako wamlaumuo kwamba alifunza utiifu tu. Hao, naona, hawajazisikiliza nyimbo za unyago, yaani za jando la kike alikofundwa mwari, ambazo stihizai yake kwa waume si ndogo. Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyetunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, alikuwa kungwi, yaani mfunzaji wa wari kama somo, na kwenye majukwaa ya Ulaya aliipiga ngoma ile ile ya msondo ya wari.